Kurasa za Nyuma

Kurasa za mbele ni za mamlaka:
namba ya mita, uniti, jina la mwenye nyumba.
Za nyuma ni zangu. Huko naandika viatu.

Nasoma mita za maji, Mabatini na Isamilo,
ambako nyumba zimesimama juu ya mawe
kama mbuzi waliokataa kushuka,
na njia ni jiwe, kisha jiwe,
kisha ngazi aliyoichonga mtu akachoka katikati.
Huko kiatu hakidanganyi zaidi ya mwezi.

Raba nyeupe, dukani, Makoroboi. Muuzaji aliapa kwa mama yake.
Siku arobaini na moja.
Soli ilifunua mdomo mlangoni kwa mteja
anayedaiwa miezi mitatu.
Tukatazamana, yeye na deni lake,
mimi na kidole gumba nje.
Sikumkatia maji siku hiyo.

Mtumba wa Mlango Mmoja, ngozi,
ndani mna jina la mtu kwa wino uliofifia.
Miezi kumi na minne, juu ya miaka yake nisiyoijua.
Alikuwa akilalia upande wa kushoto, huyo bwana.
Sasa na mimi nalalia huko.

Yeboyebo hazifi. Zinateleza tu.
Mvua ya Aprili, mteremko wa Bugando,
niliziona zikinitangulia mtaroni kuelekea ziwani,
mimi nimekaa chini.

Gambuti za shemeji Lugata, mchuuzi wa dagaa Mwaloni:
siku kumi na mbili. Sikuhesabu kwa haki,
nilizichukia.

Viatu vya harusi, vyeusi, ncha kali:
miaka tisa na bado vinang'aa.
Nyanjige akacheka: "Andika hatua, usiandike miaka."
Nikahesabu. Harusi yetu, ubatizo, misiba miwili,
benki mara moja, tukanyimwa.

Katambuga za baba, tairi la lori la pamba.
Baba aliisha, zenyewe hazikuisha.
Hapo pana mstari mtupu.

Lakini vilivyonishinda ni viatu vya shule vya Limi.
Januari niliandika tarehe, nikangoja visigino viliwe.
Juni nilishona pembeni, uzi wa bluu, mweusi ulikuwa umekwisha.
Agosti akarudi anachechemea:
viatu vizima, mguu ndio uliokosa nafasi.
Mama yake akavigawa.
Hakuuliza daftari linasemaje.
Nikaandika: vimekoma, siku 214, sababu mtoto.

Wiki iliyopita, Mabatini, juu kabisa,
penye mita iliyofunikwa kwa bati na tofali,
mtoto nisiyemjua alinifungulia.
Niliinama kusoma namba.
Kabla ya namba nikaona uzi wa bluu,
na gazeti lililokunjwa likichungulia kisiginoni,
maana vilimpwaya.

Nikaandika uniti mbele.
Nikafungua nyuma, nikafuta neno moja na tarakimu tatu.

"Imekwenda sana?" akauliza.
"Bado," nikamwambia, macho chini.
"Bado inakwenda."