Uzi Mweusi

Mimi ndiye mshonaji wa mafaili ya parke, hapa Bukavu:
sindano ya magunia, uzi mweusi, miaka kumi na tisa.
Uzito wa mtu naujua kwa kurasa.
Mwizi wa kuku, mbili.
Wagombea shamba, mia na bado.
Akonkwa hakuwa na hata moja.

Alikamatwa Kadutu na gunia la makala
ambalo halikuwa lake, au lilikuwa. Nani aliuliza?
Miezi kumi na minne kasho,
dada yake akipanda ngazi zetu kila Jumatatu,
bakuli la bugali limefungwa kitambaa,
akishuka nalo tupu na jibu lile lile:
"Faili bado tunalitafuta."
Hatukuwa tukilitafuta.
Hilo naliandika kwa mkono wangu.

Enzi hizo bosi alihesabu vichwa:
wangapi ndani mwezi huu?
Nasi tukampa vichwa.

Kisha akaja Bi Cibalonza, naibu mwendesha mashtaka,
viatu vina tope la Nyamugo.
Hakuuliza nani kakosa. Aliuliza:
"Nani yuko ndani, na kwa karatasi gani?"
Nikajifanya natunga uzi sindanoni.

Siku ya kesi mvua ilipiga mabati
hadi hakimu akanyamaza, akaingoja.
Ilipopungua, joho jeusi likasimama:
"Kwa jina la Jamhuri, shahidi sina,
gunia sina, kosa silioni.
Naomba huyu aende kwao."
Watu wakacheka. Wakili wa utetezi
akabaki na hotuba yake ya kurasa sita,
kama mtu aliyeleta mwavuli jua likiwaka.
"Sikuapa kushinda," Bi akasema. Akaketi.

Mwenye makala akainuka nyuma:
"Na mimi, nani atanilipa?"
Hakujibiwa. Ni haki yake kuuliza, na bado anauliza.

Mlangoni Akonkwa alidai mkanda wake,
ule aliovuliwa siku ya kuingia.
Tulipekua makabati. Haukuonekana.
Alikuwa amekonda, suruali kaishika kwa mkono.
Nikakata uzi, pima moja na nusu,
nikaukunja mara nne, akajifunga,
akateremka ngazi na dada yake bila kutazama nyuma.

Jioni Bi aliuliza mbona uzi umepungua.
Nikamwambia: Bi, wamebaki thelathini na mmoja.
Agiza bunda zima.