Pindo la Akiba

Mwezi wa Rajabu nilipunguza sketi ya Batuli kiunoni,
inchi moja.
Shaabani nikaipunguza tena.
Nikamwambia mamake: mtoto anarefuka, ndiyo maana.
Mimi, fundi wa miaka ishirini na mbili Barabara ya Biashara,
ninayejua nyonga ya bibi harusi kwa kumwona tu akivuka njia,
niliikunja nguo ya mwanangu, nikaishona,
wala sikuuliza nyama imekwenda wapi.

Alikunywa maji kama mchanga.
Usiku namsikia: kata, mtungi, kata, choo.
Tukasema ni joto la kaskazi.
Ramadhani, siku ya tatu, akalala hoi,
pumzi yanuka mapera yaliyopitiliza.
Hospitali wakamtoboa kidole.
Mashine haikutoa hesabu.
Iliandika tu kwamba imezidiwa.

Sasa twenda kila Jumanne ya kwanza ya mwezi.
Nesi Kadzo humvua viatu, humwegemeza ukutani,
hushusha ubao mpaka utosini.
Sentimita mia na ishirini na sita.
Kilo ishirini na tatu na nusu.
Kiuno. Kisha mkono wa juu,
pale palipokuwa kama ufito.
Yeye huandika kadini, na mimi midomo yanicheza,
nageuza kimoyomoyo: arubaini na tisa na nusu,
na kijisehemu ambacho mkasi haukijali.
Tepu ina nyuso mbili.
Miaka yote nimesoma upande wa inchi.

Halafu nesi husema:
Simama kwa mguu mmoja. Mikono kiunoni. Fumba macho.
Na hubonyeza saa.

"Mato nimefumba. Usinishike."
Hamwambii nesi. Aniambia mimi,
maana nimeshainuka kwenye benchi.
Kifundo chatetema kama sindano ya cherehani
iliyogonga kifungo.
Daktari alitueleza: sukari ikikaa juu miaka mingi
nyayo huweza kuisahau sakafu,
ndipo twawapima mapema, wakingali wanaikumbuka.
Saba. Nane.
Vidole vyaing'ang'ania marumaru.
Bega la kushoto lazama, larudi.
Kumi na moja. Akatua.

"Mwezi jana tisa," akasema Kadzo, akaandika.
Hakutabasamu, hakukunja uso.
Nilitaka afanye mojawapo.

Jioni ile, mlango wa duka nimeuteremsha nusu,
nilisimama kwa mguu mmoja, mkono kiunoni,
macho nimefumba, nikahesabu.
Sita. Nikaangukia majora ya leso za watu.
Mimi sijawahi kupimwa.
Hilo tuliache.

Nyumbani Kuze insulini yakaa chunguni,
chungu ndani ya beseni la mchanga uliolowa,
maana stima haina adabu.
Wiki ya kwanza nilipewa mimi kazi ya kumdunga.
Mkono huu, usiotetema juu ya hariri,
ulisimama hewani hadi mamake akageuza uso.
Batuli akaichukua sindano.
"Baba, mimi si kitambaa. Sichaniki."
Akajidunga pajani, akahesabu mpaka kumi,
akauliza kama mbaazi zimeiva.

Nikacheka. Kisha nikaenda uani
kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Jumatatu shule zafunguliwa.
Nimemkatia sketi mpya, buluu.
Kiunoni nimeacha nafasi ya vidole viwili.
Chini, pindo la inchi nne.
Mamake asema ni zito, litamvuta,
na jirani yangu wa duka asema
hata fundi mwanafunzi haachi pindo kama hilo.
Waseme.
Nimelishika kwa mkono, si kwa mashine,
mishono mirefu, uzi mmoja,
wa kufumuka upesi.