Kikohozi

Dakika ya pili, sekunde ya kumi na nne,
gitaa limenyamaza, ngoma bado haijaingia,
na hapo, katikati ya ukimya, mtu anakohoa.
Mara moja. Kikohozi kikavu, cha mtu aliyejizuia akashindwa.

Miaka thelathini na sita tunakigombania.

Tunakutana kila Desemba mjini Łódź,
nyuma ya kiwanda cha nguo kilichogeuzwa maduka,
katika baa ya meza tano na jiko la makaa lisiloaminika.
Theluji inayeyuka viatuni, inachora ramani sakafuni.
Ziemowit huja na redio kaseti yake kaifunga shali
kama kichanga kinachopelekwa kliniki.
Bogna, daktari wa meno, huja na hoja.

"Ni mpiga besi. Yule alivuta sigara hata usingizini."
"Mpiga besi alisimama kushoto. Hiki kinatoka kulia."
"Kulia kwako, au kulia kwa jukwaa?"
Basi wanainuka, wanapanga vikombe vya bia:
hiki mwimbaji, hiki ngoma, chumvi ndiyo kipaza sauti.
Cezary, dereva wa tramu, hana haraka:
"Alikuwa kachero. Usiku ule walikuwamo watatu ukumbini.
Nani mwingine angeukoholea wimbo kama huu?"
Wanacheka. Wanabishana. Supu ya bitiruti inapoa.

Lipu Mbichi hawakudumu. Kaseti mbili,
tamasha moja katika ukumbi wa wafumaji,
kisha mpiga ngoma akahamia Hamburg kupaka magari rangi,
na mwimbaji akawa mwalimu wa jiografia asiyependa kuulizwa.
Hawakuwa bora, nasema kweli. Gitaa lilipungukiwa waya mmoja.
Lakini sisi tulikuwa na miaka kumi na saba,
mkate ulikuwa wa foleni, maneno yalikuwa ya kunong'ona,
wao wakapiga kelele kwa niaba yetu.

Mwaka juzi kaseti ile ikatolewa upya, kwenye diski, imesafishwa.
Mvumo umeondolewa. Kikohozi kimeondolewa.
Bogna alilia kwa hasira, vidole vyake bado vinanuka mafuta ya karafuu.
Cezary aliiweka diski juu ya reli, akaipitishia tramu
saa kumi na mbili asubuhi, abiria wakiwemo.
"Wameuosha wimbo," alisema, "hadi wakautoa roho."

Mimi sisemi. Hunywa chai yangu, husikiliza.

Olgierd kaka yangu alikuwa na miaka kumi na tisa.
Alifanya kazi kwenye mashine za kuchambua pamba,
pamba ikamkaa kifuani kama theluji isiyojua kuyeyuka.
Usiku ule alinishika mkono, akaubana,
nikajua anapambana nacho,
wimbo mzima anakimeza, anakimeza,
na gitaa liliponyamaza kikamponyoka.
"Nimewaharibia," aliniambia njiani, amejiziba mdomo kwa kofia.
Machi haikumkuta.

Nyumbani kuna picha zake tatu, koti,
kitambulisho cha kiwanda chenye jina lililokosewa.
Sauti, hakuna. Ila sekunde ile.

Ningeweza kuwaambia. Ubishi ungekwisha,
wangenipa pole, wangekaa kimya kwa heshima,
na mwakani nani angepanga vikombe?
Sasa hivi yeye ni mpiga besi, ni kachero,
mwaka jana Ziemowit alimfanya paka wa mlinzi.
Marehemu gani mwingine ana kazi nyingi hivyo?

"Rudisha nyuma," nasema.
Ndilo neno langu la jioni nzima.
Ziemowit anabonyeza. Utepe unalia, unakwama, unatii.
Gitaa. Wote wanainama juu ya meza.
Mimi naubana mkono wangu mwenyewe.