Fundi wa Meno Aandika Filamu

Mchana natengeneza meno, usiku maneno.
Ostrava, chumba cha nyuma cha kliniki ya daktari Hruška,
taya za plasta zimepangwa rafuni, kila moja na jina la mwenyewe,
nami najua nani husaga meno usingizini
na nani anatafunia upande mmoja tangu talaka.
Hapo ndipo nilipojifunza mazungumzo:
mtu hasemi kinachomuuma.
Hugeuza shavu, akatafunia kwingine.

Miswada sita nimeituma mashindanoni.
Ada ya kwanza ilikuwa bei ya viatu,
ya pili, viatu vya mtoto,
ya tatu sikumwambia mtu.
Majibu hufika yakiwa yameshanawa mikono:
tunasikitika, ushindani ulikuwa mkali,
tunakutakia kila la heri.
Msomaji mmoja tu, asiye na jina, aliandika pembeni:
"Ukurasa wa 43, mama anapofunga dirisha. Hapo nilisimama."
Miezi minane nikawa najiuliza
alisimama kusoma, au alisimama wima.

Wa saba ukafika robo fainali.
Robo ya nini, akauliza mume wangu wa zamani,
ya mkate?
Kidogo si haba, nikamjibu,
nikakata tiketi ya treni.

Mji wa chemchemi za moto, Julai.
Wazee wanafyonza maji ya chumvi kwa vikombe vyenye mrija,
vijana wanakunywa mvinyo wa bure na kugawa kadi.
Beji yangu imekosewa: Vrbová, badala ya Vrbková.
Basi siku tatu nikawa huyo Vrbová,
mwanamke aliyenizidi ujasiri.
Yeye ndiye aliyesalimia watu.
Tulifundishwa: hadithi yako iseme kwa sentensi moja
kabla lifti haijafika ghorofa ya nne.
Nilifanyia mazoezi ngazini.
Lifti ilikuwa mbovu.

Jioni ya pili, karamuni, mtayarishaji Radim Šebesta
akauma kipande cha mkate mkavu
nami nikasikia mlio ninaoujua kama kikohozi cha mwanangu.
Kofia ya jino. La juu, la nne, kulia.
Akaitema kiganjani, akaziba mdomo, macho yamemtoka.
"Nipe," nikasema.
Wengine mkobani wana rangi ya mdomo, mimi nina saruji ya meno.
Nikaifuta, nikaigeuza kwenye mwanga
(kazi mbovu, nani kamtengenezea?)
nikaipachika, nikamwamuru: uma, usiongee, dakika kumi.

Dakika kumi!
Watu wanavuka mipaka kutafuta moja.

Nikaanza: mgodi uliofungwa, mama, dirisha,
mwana anayerudi nyumbani na sauti ya mtu mwingine.
Alitikisa kichwa mara mbili.
Mpaka leo sijui kama ni kuafiki au ni maumivu.

Tuma kurasa kumi, alisema alipofunguliwa.
Nikatuma kumi.
Agosti. Septemba. Oktoba ikaja na mvua yake ya makaa.
Ile kofia bado imeshika, naamini;
ingeng'oka angenitafuta.

Aliyenitafuta ni Květa,
niliyekaa naye ngazini siku ile, tukigawana soseji,
mhariri wa redio kutoka Plzeň, hana beji,
aliingia kwa mlango wa jikoni akiwa amebeba sinia.
Kila Alhamisi hupiga simu.
Husoma kurasa zangu kwa sauti, sauti ya mvutaji sigara,
hucheka nisipotarajia, hunyamaza nilipotega kicheko.
"Huyu hawezi kusema hivi," huniambia. "Huyu angeondoa vyombo mezani."
Nami nafuta mistari sita, naweka sahani.

Leo Jumatatu. Taya mpya imeletwa, plasta bado ina unyevu.
Mswada wa nane una mwanamke na sinia, sijui bado anaelekea wapi.
Ada ya shindano nimeshaitenga,
noti tatu zilizokunjwa,
chini ya taya ya bwana mmoja
aliyelipa kila kitu mwaka juzi
na hajarudi kuchukua meno yake.