Kabari

Mwezi wa tano, Mabela, saa kumi na moja jioni,
na lami bado inachoma kupitia kandambili.
Ukumbi tulioazimwa una vyumba vitatu,
kiyoyozi kimoja kinachokohoa kama mtu mzima,
na milango mitatu, yote wazi.

Khalfan, mshika fedha wetu, ananiletea bili ya umeme
ameikunja mara nne, kana kwamba ina aibu.
"Bi Zuwena, tunapoza barabara.
Tunapoza paka."
Kweli. Paka wawili wamejinyoosha kizingitini,
wanajua baridi inapopita.
Waache wapoe, namwambia.

Kabari za mbao nilizichongesha kwa seremala Mbengali,
baisa mia tano zote tatu. Alicheka:
watu huja kwangu mlango ufunge vizuri, mama,
wewe unataka usifunge.

Waliojitolea hapa ni watu wema. Naandika hili kwanza
ili lisomwe kabla ya mengine.
Mundhir, mhandisi, anatoka kiwandani Rusayl
na vumbi la saruji kwenye viatu,
anafundisha aljebra mpaka Azzan, aliyekuwa akilia akiiona x,
sasa anaisaka kama kiatu kilichopotea asubuhi ya Idi.

Lakini jana alisimama mbele ya meza yangu.
Baba yake Raya kachelewa, gari ninalo, njia yetu moja.
Nikasema hapana.
Basi Ijumaa aje nyumbani nimwelekeze, mke wangu yupo.
Nikasema hapana.
Damu ikampanda usoni.
"Unanishuku?"

Sikumshuku. Nilifungua faili
nikamwonyesha karatasi aliyotia saini mwezi wa pili,
na juu yake ile yangu, maneno yaleyale:
usikae peke yako na mtoto, usimpakie garini,
usimwandikie kwenye simu mzazi wake asipoona.
Kanuni haina jina lako, nikamwambia.
Ikiwa na jina la mtu, haimlindi yeyote.

Lililobaki sikumwambia.
Kwamba nilikuwa na miaka tisa, mji mwingine,
na mwalimu wa bure ambaye mtaa mzima ulimwombea dua,
na mlango ambao mama yangu aliufunga mwenyewe,
taratibu,
ili kelele za jikoni zisitusumbue.

Tulimngoja baba yake Raya sote watatu, viti barazani,
Raya akihesabu magari meupe, akapoteza hesabu, akaanza upya.
Alifika isha imeshaadhiniwa, shati limelowa, akiomba radhi.
Mundhir aliondoka bila kuaga.

Leo kaingia, kausalimia ukuta.
Kashika chaki. Namsikia kupitia vyumba viwili:
tukihamisha huku, ishara inageuka, kwa nini?
Kisha kabari ikateleza,
mlango ukaanza kurudi, polepole, wenyewe.
Yeye bado anaandika, hakugeuka,
akanyoosha mguu nyuma
akauzuia kwa kiatu chenye vumbi.

Paka hawakuamka.