Kiingilio

Tulipinda Isyonje saa moja asubuhi,
Noa ya kukodi ikikohoa kila kona,
ukungu bado umelalia viazi na pareto.
Subilaga alivaa koti la marehemu baba.
Mwanangu Lusajo alihesabu punda:
kumi na mmoja, kumi na wawili,
wa kumi na tatu kabeba mlango.
"Mama, mlango bila nyumba!"
Tukacheka mpaka Kikondo.

Getini tukalipa.
Askari wa hifadhi, kijana mpole,
aliandika majina yetu taratibu, akauliza:
"Ni mara ya kwanza kufika Kitulo?"
Subilaga akanitazama. Nikatazama viatu.
Tukasema ndiyo.

Tungeanzia wapi?
Mama alitoka Matamba usiku
na jembe la mpini mfupi, na kiroba,
akarudi jua likiwa utosini
udongo mweusi umempanda hadi kwenye viwiko.
Chikanda alizimwaga sakafuni,
ndogondogo, zenye vinyweleo, kama viazi vya mtoto kuchezea.
Wanunuzi wa Tunduma walipima kwa debe
wakavuka nazo mpaka.
Ada ya Subilaga ya kidato cha kwanza ilikuwa chikanda.
Raba zangu zilikuwa chikanda.
Bati tatu za jikoni, ile inayovuja pia.

Mama alijua pa kuchimba kwa jani lililonyauka.
Hakuwahi kutuambia
kwamba juu ya jani lile, miezi michache nyuma,
palikuwa na rangi.

Na leo rangi ndiyo hii, hadi macho yanakoma:
zambarau, manjano, nyeupe yenye madoa,
upepo unayalaza yote upande mmoja
kisha unabadili mawazo.
Tandawala alitupisha bila haraka,
mikono nyuma, mwalimu mkuu kabisa.
Lusajo alipiga magoti mbele ya ua moja:
"Hili limetoa ulimi."
Mwongoza wageni akalitaja kwa Kilatini,
jina refu, nililisahau kabla hajalimaliza.

Subilaga alikuwa ameinama pembeni.
Nilidhani anasali.
Kumbe kidole kimezama ardhini, kinapapasa.
"Huwa mbili," alisema, "kuukuu na changa.
Mama alichukua moja, nyingine akaifukia."
Akanyamaza.
"Au ndivyo alivyotuambia."

Mvua ikaanza, ile ya huku, nyembamba,
isiyotangaza.
Tukakimbilia gari.

Njiani Lusajo akauliza kama bibi naye alifika.
Nikasema alifika. Mara nyingi.
"Alilipa shilingi ngapi?"
Dereva akaongeza sauti ya redio,
nami sikumwomba apunguze.

Uyole tuliagiza chipsi na mishikaki.
Mhudumu alileta birika na beseni.
Subilaga alinawa mkono wa kulia tu.
Wa kushoto, wenye udongo chini ya kucha,
ulibaki ndani ya mfuko wa koti la baba
mpaka tulipofika nyumbani.