Giza la Viganja

Uzi umenikataa tena.
Mara ya nne naulamba, nauelekeza tunduni,
nao wapita kando kama mdeni aliyeniona sokoni.
Kofia ya Shekue ina vitobo mia tisa,
nimefika mia mbili na kumi,
na harusi ni Ijumaa.

"Panda juu," asema Jasumati wa ghorofa ya tatu,
mwalimu mstaafu, upindo wa sari kaukaza kiunoni.
Juu ya paa, hapa Kibokoni, kati ya matangi ya maji
na foronya za watu zikikauka,
anikalisha mkekani, mgongo wima.
"Shingo isiende. Macho peke yake yatembee."

Basi nayatembeza.
Juu: waya za umeme, kunguru wawili wagombana.
Chini: ncha ya pua yangu, ambayo sikuwahi kuitazama.
Kulia, mnara wa msikiti. Kushoto, antena ya kina Rukiya,
imeinama tangu mvua ya mwaka juzi.
Kisha duara, polepole, kama mwiko ndani ya uji.
Kisha kidole gumba, karibu,
kisha mbali, kreni za Kilindini,
gumba, kreni, gumba, kreni,
mpaka chuma kile na kucha yangu ya hina
vikalingana.

Nikacheka. Akanikemea: "Pepesa!"
Nikapepesa kama mwongo mbele ya kadhi.

La mwisho ndilo nililolipenda.
Sugua viganja mpaka vipate moto,
vifunike macho, usibonyeze.
Giza.
Si la usingizi, wala la umeme kukatika;
giza langu mwenyewe, lanuka uzi na vitunguu.
Miaka thelathini na moja nawapamba wanaume vichwa,
hakuna aliyeniambia: pumzika.
Mle ndani nikamwona mama, sindano mdomoni,
akinifinya sikio kwa mshono uliopinda.

Siku arubaini nilizipanda ngazi zile.
Uzi? Ulinikataa vilevile.
Jasumati mwenyewe akanishika mkono hadi Makadara
kwa mpima macho; kumbe naye miwani anayo,
huificha mkobani.
"Zoezi ni kupumzika," asema bila haya. "Kuona ni kioo."
"Na hukuniambia!"
"Ungepanda?"

Shekue alioa na kofia ya kuazima.
Yake nimeimaliza juzi,
ataivalia akika, Mungu akijaalia.
Na alasiri, foronya zikianuliwa,
miwani naiweka juu ya tangi,
nasugua viganja.